Ombi la Kurudishiwa Ukuta wa Stoo

Stoo ya Mchele,
Mbeya.
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Mzee Sosthenes Kalinga,
Mlandege, Iringa.

YAH: KULALAMIKIA KUBOMOLEWA KWA UKUTA WA STOO NA KUOMBA UJENGWE UPYA KWA UHAI WA KAMPUNI

Mzee wangu Mwenyekiti, kamwene, na Bwana asifiwe.

Mimi huku ni mzima kwa neema, kasoro kikohozi cha pumba na hii baridi, ambayo unaijua mwenyewe maana ya Mbeya na ya Iringa ni mtu na dada yake. Ninayekuandikia ni Tumpe, mtunza stoo wa Kampuni, yule aliyekupikia magimbi siku ya mkutano wa Bodi ukaomba mengine ya kubeba. Ni mjane wa marehemu Amos, mtoto wa kwanza wa Mkurugenzi wetu. Kwa hiyo Mkurugenzi ni baba mkwe wangu, na hapo ndipo habari yote ilipo. Nisamehe kama barua itakuwa ndefu. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mtu wa darasa la saba akishapata kalamu haiachi kirahisi.

Utaona siandiki jina la Kampuni. Si dharau. Kampuni inaitwa kwa jina la Baba, na kwetu Wanyakyusa mwanamke hatamki jina la baba wa mume wake, hamtazami usoni, hapiti njia anayopita, wala hakai naye chumba kimoja. Najua mjini wengi wameacha. Kuna mabinti siku hizi wanapiga selfi na wakwe zao kwenye sendofu, wameshikana mabega kabisa. Siwahukumu, kila mtu na bibi aliyemlea. Mimi bibi yangu wa Rungwe alinilea na mwiko wa mkwe, nami naushika, na Baba kwa miaka yake themanini na mbili anaushika upande wake.

Sasa, Mzee, turudi nyuma kidogo. Kampuni yetu ya kukoboa mpunga ina miaka thelathini na moja. Barabara hii ilikuwa na mashine sita, na leo imebaki yetu peke yake. Ya kwanza imekuwa mahali pa kuoshea magari. Ya pili imekuwa kanisa la wale vijana wa ngoma na spika kubwa, Mungu awabariki, ila wapunguze sauti. Mbili zina makufuli ya mahakama. Ya tano mwenyewe alikimbilia Makongolosi kutafuta dhahabu, na mpaka leo anaitafuta. Watu hutuuliza sisi tunadumuje. Wanadhani ni mashine. Mashine yetu ni kuukuu kuliko zote zilizokufa. Siri ilikuwa ukuta.

Mwaka 2006 watunza stoo watatu walipita kwa mfululizo, na kila aliyepita alipita na chake. Marehemu Amos akamwambia baba yake: "Mpe kazi mke wangu." Baba akamjibu: "Nitafanyaje kazi na mtu nisiyemwona?" Amos akasema: "Baba, wale watatu ulikuwa unawaona." Baba akatoa hela ya matofali. Jumamosi hiyo Amos akaanza kupanga matofali kati ya ofisi ya Baba na stoo, kutoka sakafuni mpaka kwenye bati. Hakuwa fundi, alikuwa dereva wa lori, lakini kufikia Jumapili jioni ukuta ulikuwa umesimama, na Jumatatu nikaanza kazi.

Utaratibu ukawa hivi. Baba akitaka kutoka nje, anagonga bati kwa fimbo mara tatu, nami nageukia magunia mpaka apite. Akiwa na neno, anamwambia Mzee Mika, fundi wetu wa mashine, naye anazunguka uani kuja kuniambia. Nami nikiwa na neno, Mika anazunguka nalo kurudi. Neno zito linaandikwa. Miaka kumi na tisa, Mzee. Sijui pua ya Mkurugenzi wangu imekaaje.

Sasa mwezi wa sita, shemeji yangu Lusekelo, mdogo wa marehemu, ambaye mwaka jana mlimfanya Meneja Mkuu (na nilishangilia, nilipiga vigelegele mwenyewe), alikwenda semina ya siku tatu kwenye hoteli moja hapa mjini, semina ya Siri Saba za Kampuni Zinazodumu. Akarudi na begi, kalamu, fulana, na mtaalamu anayeitwa Blessing. Huyu Blessing simchukii. Ni kijana wa heshima, anaamkia vizuri, anakula chochote. Lakini alizunguka siku mbili, akachora viduara kwenye karatasi kubwa, akasema: "Ukuta huu unaua mawasiliano." Jumamosi tarehe 12 Julai, mimi nikiwa kwenye semina ya akina mama usharikani, ukuta ukaangushwa. Jumatatu nikakuta chumba kimoja kikubwa, meza moja kubwa, viti vinne. Kimoja ni changu. Kinatazamana na cha Baba.

Mzee Mwenyekiti, malalamiko yangu ni haya.

1. Mwenye mali ameingia stoo. Hili naliweka la kwanza kwa sababu ndilo lililoua zile mashine tano, muulize yeyote. Mwenye mali akishakuwa na njia ya kufika stoo, hakosi shemeji, hakosi rafiki wa kahawani, hakosi mgeni wa ghafla. Kwetu Baba alikuwa hawezi kuingia kwa sababu mimi nimo ndani. Alilazimika kuomba kwa barua kama watu wengine. Mwaka 2008 aliniletea karatasi: "Naomba kilo kumi kwa ajili ya mgeni." Nikaandika chini yake: "Mgeni gani?" Ikarudi: "Mgeni wa kawaida." Nikaandika: "Wa kawaida ale ugali." Hakuomba tena. Uliza, Mzee, ni mkurugenzi gani katika mkoa huu amewahi kunyimwa mchele wake mwenyewe na akatii? Na usidhani mimi ni jasiri. Ana kwa ana na Baba siwezi kukataa hata maji ya moto. Nyuma ya ukuta nilikuwa simba. Sasa Jumanne iliyopita amepita mtu barabarani, akasema mchele wenu unanukia, Baba akainuka akampimia debe zima. Mimi nilikuwa nimegeukia mahali palipokuwa na ukuta, nasikia mchele unamiminika, sina la kufanya.

2. Hasira zimekosa mahali pa kupoa. Kutoka ofisini kwa Baba mpaka stoo, kwa kuzunguka, ni hatua arobaini, unapita mashine, unapita bomba, na Mzee Mika ana goti bovu. Hasira ikizungushwa uani na goti lile, ikifika ni salamu. Siku moja Baba alifoka mpaka nikasikia kupitia kwenye tofali: "Mwambie mama wa stoo panya wake wametoboa magunia yangu, mimi nimechoka!" Mika akaja taratibu, akashika mlango, akapumua, akaniambia: "Baba anakusalimu. Anauliza kama yule paka bado yupo." Nami nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mwenyekiti, na najua Mika alimfikishia kwamba nimeshukuru. Leo hakuna hatua arobaini. Kwa kuwa Baba hawezi kusema nami uso kwa uso na mimi siwezi kumjibu, tumekaa mezani mwezi mzima kimya kama watu wanaosubiri mwili mochwari. Juzi Blessing alikuja kutukagua, akatukuta hivyo, akaandika kwenye daftari lake: "Utulivu kazini umeongezeka."

3. Simu. Kuna agizo jipya kwamba anayepokea simu ataje kwanza jina kamili la Kampuni, ndipo aseme "nikusaidie nini." Zamani simu ilikuwa upande wa Baba. Sasa iko mezani, na simu ya mezani inapokelewa na aliye karibu, yaani mimi. Nimejaribu kutii bila kutenda dhambi. Nasema: "Karibu hapa." Wananiuliza: "Hapa wapi?" Nasema: "Hapa ulipopiga." Kumbe Lusekelo alimtuma Nusrat wa dukani kwetu Mlandege anipigie kwa kunijaribu. Nusrat ni mdogo wangu kwa upendo, lakini siku hiyo alinitesa. "Dada Tumpe, hii ni kampuni gani?" Nikasema, kampuni unayofanyia kazi. "Inaitwaje?" Nikasema, inaitwa ile iliyoandikwa kwenye kofia yako. "Dada, kofia nimeacha nyumbani." Nikamwambia, basi nenda ukaifuate. Nimepewa sifuri kati ya kumi, imebandikwa ukutani. Si ukutani, ukuta haupo. Imebandikwa kwenye friji.

4. Mauzo yameshuka, na hapa nakiri kwamba ni kwa mkono wangu. Ilibidi nijisitiri. Kila asubuhi napanga magunia kumi na nane mbele ya kiti changu, sita kwa matatu, nakaa nyuma yake, Baba naye anakohoa kuonyesha kwamba ameridhika. Tabu ni kwamba magunia yale ndiyo ya kuuza. Wiki ya kwanza niliuza kama kawaida. Saa nne mstari wa juu umekwisha, naonekana mpaka kifuani. Saa sita naonekana mpaka magotini. Maskini Baba akageuza kiti akatazama kalenda; ameshaisoma mpaka Desemba. Wiki ya pili nikaacha kuuza. Akaja Jaha, mfanyabiashara wa Makongolosi anayelisha wachimbaji, mteja wetu tangu Baba ana meno yote.

"Dada, nipakilie kumi na mawili."

"Haya hayauzwi, kaka Jaha."

"Yana wadudu?"

"Hapana. Ni ukuta."

Alitazama magunia, akanitazama mimi, akainamisha kichwa akamtazama Baba na kalenda yake. Akasema: "Basi niuzie dari." Akaondoka anacheka, lakini kaondoka mikono mitupu. Mzee, kampuni iliyodumu miaka thelathini na moja leo inamrudisha mteja wakati mchele upo. Sikuleta mimi jambo hili. Limeletwa na karatasi ya viduara.

5. Hili naomba univumilie, maana nikiliandika mkono unakuwa mzito. Mwaka 2017 Amos aliugua wiki tatu akalala. Unakumbuka, ulikuja mazishini na mvua ile. Mimi na Baba, kwa mwiko wetu, hatukukaa msiba mmoja. Nilikuwa ndani na akina mama, yeye nje na wazee. Niliporudi kazini baada ya siku arobaini, Mzee Mika akazunguka na karatasi. Imeandikwa: "Pole mama wa stoo. Mungu atutie nguvu." Nikaandika chini: "Nimepokea. Pole na wewe Baba." Mika akazunguka nayo kurudi. Karatasi ilikuwa imeandikwa vizuri, bila doa. Aliyekuwa analia ni Mika. Karatasi hiyo ipo kwenye faili la Mengineyo, kati ya barua ya mkemia wa dawa za panya na risiti ya bati.

Sasa Blessing anafundisha kwamba kampuni bora inatunza kumbukumbu zake na haiyumbishwi na matatizo ya mtu binafsi. Nikamwonyesha karatasi ile. Miaka minane hatujalizungumza jambo lile, mimi na Baba, hata neno moja, na mashine haijasimama hata saa moja kwa ajili yake. Naomba uniambie, Mzee, ni wapi utapata uongozi bora kuliko huo? Na ukuta ule ndio ulikuwa kazi ya mikono ya Amos iliyobaki. Lori liliuzwa. Nilikuwa nikifika asubuhi naweka kiganja pale, basi, nawasha taa, naanza kazi. Lusekelo anasema uliangushwa kwa kusukumwa mara moja tu. Sikumuuliza zaidi.

6. Hakuna aliyeniuliza. Hili ni dogo, nimeliweka ili lisisahaulike.

Mzee Mwenyekiti, mtu asiyeleta shauri ni mlalamishi tu, nami silali bila kuombea Kampuni. Kwa hiyo nimefikiri sana, nimefunga siku mbili, na mapendekezo yangu nayaleta hivi.

Kwanza, ukuta ujengwe upya, palepale, mpaka kwenye bati.

Pili, jambo hili lisiishie kwetu. Tazama duka letu la Mlandege, ambalo kila mwaka linawaumiza vichwa. Meneja Philbert na mhudumu Nusrat wanatazamana siku nzima. Wanasalimiana, wanapiga soga, Philbert anaingia stoo anavyotaka, Nusrat anaona aibu kumkatalia. Dawa ni kuwafanya wakwe. Nilimpigia Nusrat nikamweleza kwamba Philbert ana kijana mkubwa, mpole, anasoma ufundi. Akaniambia: "Dada Tumpe, mimi nina mume, na ni Muislamu, na yule kijana ni Mkatoliki wa kwaya." Nikamwambia hayo ni mambo ya kuzungumza. Akakata simu. Naomba Bodi imwandikie rasmi.

Tatu, kampuni yoyote inayotaka mkopo benki iulizwe swali moja tu: mtunza stoo ni nani kwa mkurugenzi? Kama ni mtoto wake, asipewe. Kama ni rafiki yake, asipewe. Kama ni mke wa mtoto wake na hawajawahi kuonana, apewe hata bila hati ya nyumba.

Nne, vyama vya ushirika vya mpunga vifuate. Mwenyekiti wa chama asikae chumba kimoja na mwenye funguo za ghala. Kule Madibira wana maghala makubwa na wakwe wengi wazuri, hawakosi. Halmashauri nazo zijengewe kuta. Mkuu wa idara akitaka kupita kwenye idara ya manunuzi agonge bati mara tatu, na wote wageuke. Hata huko juu zaidi, ambako mimi wa darasa la saba sina ruhusa ya kutaja, nadhani anayelinda kikapu na anayependa kula wakiogopana kama mimi na Baba, barabara nyingi zingekuwa na lami. Najua si makabila yote yana mwiko huu. Yasiyo nao yaazime. Sisi tumeazima semina.

Blessing nilimweleza haya yote, aliandika kwa adabu. Akasema huko Japani kuna kampuni zenye umri wa miaka mia kadhaa. Nikamuuliza: "Wanaishije na wakwe zao?" Akasema hajui. Mtaalamu wa kampuni zinazodumu, hajui habari za wakwe! Nikampa chai.

Mwisho, Mzee, nasema kwa unyenyekevu na bila kutisha mtu. Kama ukuta hautajengwa hadi mwisho wa mwezi huu, nitakabidhi funguo na kurudi Rungwe kulima viazi. Nina miaka hamsini na moja, mgongo bado unainama. Sitamchukia mtu. Lakini siwezi kukaa kila siku mbele ya uso ambao sijawahi kuutazama, nao unafanana, kama watu wanavyosema, na wa marehemu. Hilo nalo sikutaka kuliandika, limetoka.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mguu ni ileile, asiache kukanda. Nisalimie wajukuu wote kwa majina yao, Philbert na familia, na Nusrat kama bado anapokea salamu zangu. Sisi huku Mzee Mika anakusalimu, Lusekelo anakusalimu pia maana ni mtoto mzuri, kasoro semina. Na Baba nadhani anakusalimu, ingawa siwezi kumuuliza.

Ni mimi nikutumikiaye kwa uaminifu, nikiwa nyuma ya magunia,

Tumpe, Mama wa Stoo.

Nakala: Faili la Mengineyo.

NYONGEZA. Jumamosi, tarehe 16.

Mzee wangu, barua hii ilikuwa ipande basi la Iringa jana asubuhi, ikashindikana. Mzee Mika, wa kuipeleka stendi, alikuwa ameondoka na lori la kukodi alfajiri kwenda Madibira kuangalia mpunga. Lusekelo na Blessing nao walikwenda semina nyingine. Lakini kabla ya kuondoka, mimi nikiwa kwenye maombi ya Ijumaa asubuhi, Lusekelo alimpigia Jaha, na Jaha akaja akachukua magunia yote kumi na nane. Nilirudi nikakuta meza, na Baba, na hewa.

Sikuwa na pa kukimbilia. Niligeuza kiti changu nikampa mgongo. Nikasikia na yeye anageuza chake. Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, muda mrefu sana, wote tukitazama mbele kama abiria waliogombana. Ndipo Baba akasema:

"Mika, mwambie mama wa stoo chai yake inapoa."

Nikainama nikatazama chini ya meza. Mika hayupo. Nikafikiri Baba amechanganyikiwa kwa uzee. Kisha nikafikiri tena. Nikasema: "Mika, mwambie Baba nimesikia, asante."

 Halafu akasema, na sauti haikuwa ya ofisini: "Mika, muulize mama wa stoo. Kule hospitali, zile wiki tatu. Mwanangu aliacha neno lolote la kwangu?"

Miaka minane, Mzee. Alikuwa nalo swali hilo miaka minane, hatua arobaini kutoka kwangu.

Nikasema: "Mika, mwambie Baba, aliniambia: Baba asije siku moja akaupima ule ukuta kwa timazi."

 Nikasikia kiti chake kinatikisika. Nikadhani analia, nikataka kuita watu. Alikuwa anacheka. "Mika! Mwambie nilipima siku ile ile ya Jumatatu! Ulikuwa umepinda kuliko barabara ya mlima Kitonga! Kabati langu la mafaili nililiegemeza pale usije ukamwangukia mke wa watu!" Nami nikasema: "Mika, mwambie Baba kwamba mimi niliuona Jumanne. Upande wangu niliweka magunia ishirini, na sikuyauza kamwe." Basi tukacheka mpaka vibarua wa mashine wakaja kuchungulia, wakakuta wazee wawili wamepeana migongo, machozi yanawatoka, na kila mmoja anazungumza na fundi aliyeko Madibira. Baada ya hapo hatukucheka. Tulizungumza mpaka saa ya kufunga, na leo tumeanza mapema.

Nilitaka kuichana barua hii, lakini ni karatasi saba, nimeziandika kwa mkono wangu. Kwa hiyo nakutumia uisome tu, usifanye lolote. Ukuta usijengwe. Yale ya benki na halmashauri usiwasomee Bodi. Kwa Nusrat nitajiombea radhi mwenyewe. Funguo ninazo, sikabidhi. Ila kuna ombi moja jipya, nalo ni la dharura: Mzee Mika apewe kazi ya Madibira mpaka mpunga wa mwisho uingie ghalani, hata kama utachelewa.

Naomba nikomee hapa. Baba anamwita Mika, na kwa kuwa Mika hayupo, sina budi kuitika mimi.